Usiseme Samaki

Tarehe 3 Februari

Kwa mwanangu kitinda mimba,

Salamu zangu ni nyingi kuliko magamba niliyoyafagia leo. Nikianza na baba yako, hajambo, anakohoa kidogo, na anakohoa zaidi kukiwa na kazi ya kufanya. Bibi yako hajambo, meno yake mawili nayo hayajambo, kila asubuhi ananiuliza kama umeolewa na kila asubuhi namjibu lile lile. Kaka yako mkubwa hajambo, mkewe hajambo. Pacha wao hawajambo, mmoja alimeza kifungo cha shati na kimetoka salama, usiniulize nimejuaje. Shangazi yako hajambo, alinuniana na jirani kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo, kisha kamba ikakatika wakapatana. Paka kazaa kwenye kapu langu la nguo safi. Mimi sijambo, mgongo tu, na huo ni wa siku zote.

Baada ya salamu, barua yako ya Januari nimeipata. Nimeisoma mwenyewe polepole, kidole juu ya mstari kama tulivyofundishwa kwenye darasa la watu wazima, kwa hiyo usidhani kuna neno limenipita. Umeandika kurasa mbili za sifa. Chumba cha kushonea kina madirisha sita. Meza ya kukatia inafika kiunoni, mtu hainami. Tajiri wako ana sebule ya kupokelea wateja, na humo kuna tangi la kioo lenye samaki wa mapambo, wekundu na wa manjano, wanalishwa kwa kijiko cha chai. Hapo nimecheka. Mimi nimepara samaki miaka ishirini na mbili na sijaona hata mmoja akilishwa kwa kijiko. Nimewasimulia wenzangu sokoni, mmoja akasema hao basi wana cheo kutuzidi.

Halafu chini kabisa, pale watu wanapoandika "ni mimi wako", ndipo umechomeka kwamba kidole chako cha shahada cha mkono wa kulia kina kiuvimbe kisichopona, wiki ya tano sasa. Mwanangu, kitu cha wiki tano hakiandikwi mkiani mwa barua. Kwenye simu nako husemi. Unasema "niko salama Mama, niko salama" mpaka salio la kaka yako linaisha. Barua haina salio. Basi nijibu humu. Kinauma au kinaonekana tu? Kina usaha? Ulijikata na nini? Na lile tangi la kioo, nani analiosha?

Mama yako.


Tarehe 27 Februari

Mama mpendwa, shikamoo,

Nawapa shikamoo Baba, Bibi na Shangazi. Wasalimie Kaka na Wifi na pacha. Bibi mwambie bado.

Kidole hakiumi sana. Ni kiuvimbe chekundu kinachoelekea rangi ya zambarau, hakina usaha. Kilitokea pale mkasi wa kukatia uliponichubua, maana nimepandishwa, sasa nakata vitambaa, sishoni tu. Tabibu wa mtaani hapa amesema ni fangasi, amenipa dawa ya kupaka. Usihangaike. Nimechelewa kuandika kwa sababu Jumamosi, ambayo ndiyo siku yangu ya barua, huwa nina kazi nyingine.

Mwanao.


Tarehe 9 Machi

Kitinda mimba,

Salamu kwanza, hasira baadaye. Baba yako hajambo ila amekalia miwani yangu, sasa mguu mmoja wa miwani umefungwa kwa uzi na naandika nikiwa nimeinamisha kichwa kama kuku anayesikiliza. Bibi yako hajambo, amesema "bado" si jibu. Kaka yako, mkewe na pacha hawajambo. Shangazi yako hajambo, kamba mpya imenunuliwa na ugomvi umeanza upya. Paka hajambo, na watoto wake wanne.

Niliuliza maswali manne. Umejibu matatu. Baba yako anasema nisikuandame, ngozi za vijana wa siku hizi ni laini. Nimemwambia yeye hajui hata ngozi ya miguu yake mwenyewe.

Sikuulizi kwa umbeya. Ugonjwa wa vidole vya samaki naujua kama ninavyolijua jiko langu. Pale sokoni kwetu uko wa namna mbili. Wa kwanza una kelele: mwiba unakuchoma leo, keshokutwa kidole kimekuwa zambarau, kinawaka, usingizi huna, lakini ukiwahi zahanati wanakupa dawa unaisha. Wa pili ni mnafiki. Unakaa kimya wiki mbili, tatu, hata zaidi, wewe umeshasahau ulijichubua lini. Kisha kinatoka kiuvimbe kisicho na makuu. Ukikidharau kinazaa wenzake, wanapanda mkono kwa mstari kama siafu. Dawa ya fangasi hauisikii. Bwana afya alikuja akatueleza kwamba ni bakteria wanaokaa kwenye maji na kwa samaki wenyewe, wanaingilia penye mchubuko, na akasema maji si lazima yanuke wala yawe machafu. Hapo wenzangu walibisha sana. Mimi sikubisha.

Kwa hiyo tuelewane. Umesema mkasi ulikuchubua. Umesema Jumamosi una kazi nyingine. Kazi gani hiyo isiyo ya kushona, kwenye nyumba ya kushona?

Nani anaosha tangi?

Mama yako, mwenye miwani ya uzi.


Tarehe 14 Aprili

Mama shikamoo, na wote nyumbani.

Samahani kwa mwandiko, natumia mkono wa kushoto. Dawa ya fangasi haikusaidia. Tabibu wa pili alisema ni baridi yabisi ya viungo, akanichoma sindano kwenye kiungo cha kidole. Kikazidi. Sasa kuna kiuvimbe kingine mgongoni mwa kiganja na kingine juu ya kifundo cha mkono. Tajiri ni mtu mwema, amenipeleka mwenyewe hospitali kubwa na anaingia nami kwa daktari. Wamekata kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya maabara. Tunasubiri.

Mama, naomba kitu. Barua zote za hapa hupitia mezani kwa tajiri, na bahasha nyingine hufika zimefunguka. Tafadhali usiandike tena habari za samaki wala za soko.

Mwanao.


Tarehe 22 Aprili

Mwanangu,

Bahasha zangu hazifunguki. Nazibandika kwa gundi ya fundi viatu, wewe mwenyewe huzichana kwa mkasi.

Watu wa nyumbani hawajambo wote, leo siwataji mmoja mmoja kwa sababu nina haraka ya kukasirika.

Vitatu, kwa mstari. Nilikuambia siafu. Nimeisoma barua yako kwa sauti baba yako asikie, akaacha kukohoa. Kisha nikafika pale uliponikataza, na hapo nikasoma kimya. Sawa. Neno hilo sitaliandika. Nitaandika "wale". Mimi ninayewapara wale, nikawasomesha watoto wangu wawili kwa wale, nikakununulia kwa wale ile cherehani uliyojifunzia, naomba kujua ni nani anayeosha nyumba ya kioo ya wale wanaolishwa kwa kijiko. Je, hapo tajiri wako akisoma ataelewa kitu?

Sijasoma sana, lakini kuelewa hakuhitaji cheti. Huko umesema mimi ni nani? Ninauza nini? Usinijibu hilo kama linakuwia gumu, linaweza kusubiri, mimi sendi popote. Swali la tangi ndilo haliwezi kusubiri. Mara ya tatu sasa nauliza, na mara zote mbili ulizojibu umeniletea habari nyingine.

Kama ni wewe unayeingiza mkono humo, ukiwa na mchubuko wa mkasi, toa mkono humo leo. Mwambie daktari leo. Hayo maji yanaweza kumeta kama machozi na bado yakawa ndiyo yenyewe. Na usiogope kushikana mikono na watu, ugonjwa huu haurukii mtu kwa mtu. Bwana afya alisema, na baba yako amelala na mimi miaka yote hiyo hana hata kipele.

Mama yako.


Tarehe 25 Mei

Mama shikamoo.

Majibu ya maabara yametoka, hawajaona kitu. Wamesubiri siku zote zinazotakiwa, hakikuota kitu. Kidole hakikunji tena. Daktari wa upasuaji anasema tarehe 20 Juni watakifungua, na kama uzi wa ndani unaokunja kidole umeshaliwa, huenda wakaondoa kiungo cha juu, labda na cha pili. Mkata nguo asiye na kidole cha shahada hashiki mkasi, Mama. Nimeambiwa nitapewa kazi ya kupiga pasi.

Daktari ameniuliza maswali yote nami nimemjibu yote.

Niombeeni.

Mwanao.


Tarehe 1 Juni

Mwanangu mpenzi,

Baba yako hajambo, ametoka nje asinione ninavyoandika. Bibi yako hajambo, hajaambiwa. Kaka yako ametoka sasa hivi hapa, tumekupigia simu mara nne, mara zote nne uko salama. Nimechoka na huo usalama. Karani wa posta nitampa barua hii mkononi na nitasimama mpaka nione ameipiga muhuri.

Nakuandikia jambo ambalo hujawahi kulisikia. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Unakijua kidole changu cha pete, cha mkono wa kushoto, kilichopinda kama ndoana. Mnajua nyote hapa nyumbani kwamba kilibanwa na mlango. Baba yako hata aliung'oa ule mlango akaweka mwingine unaofunga taratibu. Haukuwa mlango.

Ulikuwa darasa la nne. Kidole kilikuwa wiki ya saba kimevimba, hakiumi sana, kama chako. Ulitoka shule ukiwa na sare yako, tukaenda wote zahanati. Aliyekuwa akiandika majina mlangoni ni yule muuguzi ambaye binti yake mlikaa dawati moja. Nasema mlikaa, maana wiki ile walikuwa wamekuhamisha dawati kwa sababu watoto walisema unanuka. Hukuniambia. Nilijua kwa sababu ulianza kuoga mara mbili kabla ya kwenda shule na kunusa mikono yako kwa siri. Tulipofika mbele ya daktari ukanivuta gauni, nikainama, ukaninong'oneza, "Mama, usiseme samaki."

Daktari akauliza kidole kimefanya nini. Nikasema mlango. Akaniangalia, akauliza tena, maana si mjinga, mlango hauvimbishi kidole wiki saba. Nikasema mlango. Akanifunga kijiti na bandeji, akanipa vidonge vya maumivu. Nilirudi mara mbili, na mara mbili mlango. Miezi mingine minne ikapita ndipo nikaenda peke yangu, kwingine, nikasema ukweli. Wakanipa dawa za miezi mingi na nikapona. Lakini uzi wa ndani ulikuwa umeshaliwa na kidole kilikuwa kimeshajipindia.

Sikulaumu. Mtoto wa miaka kumi hana uwezo wa kumkataza mtu mzima kusema. Mtu mzima ndiye aliyekubali, kwa sababu na yeye aliona haya. Kosa ni langu, nimelivaa miaka kumi na sita mkononi. Lakini sasa una miaka ishirini na sita, na ninaona unalirudia kosa lile lile kama mtu anayefuata kipimo cha nguo.

Na kuna jambo ambalo yule daktari wangu wa pili alinieleza, sikulisahau. Alisema wadudu hawa wanapenda ubaridi, ndiyo maana wanakaa vidoleni, hawapendi tumboni kwenye joto. Kwa hiyo maabara wasipoambiwa habari za samaki, wanakiweka kile kipande cha nyama kwenye joto la mwili kama wanavyoweka vyote, na hakioti kitu, wanasema hakuna. Wakiambiwa, wanakiweka penye joto dogo na kusubiri wiki nyingi. Sasa unaelewa kwa nini hawakuona? Walitafuta ulipowaelekeza.

Mbele ya tajiri sema mimi ni malkia, sina ugomvi. Sema nauza dhahabu, nijengee ghorofa. Lakini daktari si mgeni wa harusi, huna haja ya kumpambia. Kabla ya tarehe 20 nenda ukamwambie. Nimeandika samaki mara ngapi kwenye barua hii? Sijali. Na aifungue anayetaka.

Kidole kimoja kilichopinda kinaitosha familia hii.

Mama yako.


Tarehe 17 Juni

Mama shikamoo, shikamoo tena.

Barua yako ilifika tarehe 10. Niliisomea stoo ya vitambaa, na sikutoka humo kwa muda.

Mimi ndiye ninayeosha tangi. Kila Jumamosi, tangu Septemba. Wenzangu wanaogopa kuwashika wale samaki wakati wa kubadilisha maji, mimi sikuogopa, na sikuweza kuwaeleza kwa nini siogopi. Naingiza mkono wote, nasugua mawe. Maji yale ni meupe, Mama. Hayana harufu. Ulipouliza mara ya kwanza niliona unayafananisha na ndoo zako, nikakasirika. Ulipouliza mara ya pili nilianza kuogopa. Ya tatu nilishakuwa nimesema uongo hospitalini, na sikujua pa kurudia.

Daktari alikuwa ameniuliza, "Nyumbani kwenu kuna mtu anavua, anafuga au anauza samaki?" Tajiri alikuwa amekaa kando yangu. Nikasema hapana. Tajiri akaongezea kwamba mama yangu ana duka la vitambaa. Hilo nililisema mimi, wiki ya kwanza hapa. Daktari akapiga mstari kwenye karatasi na kuhamia maswali mengine.

Tarehe 12 nilirudi. Tajiri alikuja nami, sikumzuia. Daktari alipouliza kuna nini kipya nilisema nataka kusahihisha jibu. Nikamwambia naosha tangi la samaki kwa mkono wenye mchubuko. Akaweka kalamu chini. Hakunigombeza, alisema tu, "Miezi sita." Kisha akaandika upya karatasi ya maabara, akakata kipande kingine, akaeleza kuhusu joto dogo na wiki nyingi, karibu maneno yako yale yale. Dawa ameanza kunipa bila kusubiri, za aina mbili, huenda nikanywa miezi sita. Upasuaji ameusogeza mbele. Hakuahidi kidole. Alisema tungoje tuone.

Tajiri aliuangalia mkono wake mwenyewe, maana wale samaki huwalisha kwa vidole wageni wakiondoka, kile kijiko ni cha mbele ya wageni. Akauficha kwenye mkoba. Nje ukumbini akaniuliza, si kwa ubaya, "Kwani ulijuaje haya yote, mama yako si ana duka?"

Nikamwambia, "Mama yangu anapara samaki."

Alitangulia mbele yangu mpaka getini. Kisha akauliza kama unaweza kumwambia vile vipele viwili vya kidoleni mwake ni nini.

Mama, sikumbuki nilichokunong'oneza. Nimejaribu. Nakumbuka mlango mpya tu, ulivyokuwa haupigi kelele.

Mwanao.


Tarehe 19 Agosti

Mama, shikamoo. Hizi ni herufi za mkono wa kulia, ndiyo maana ni chache. Maabara wameona, baada ya wiki tano: ndio wale wa kwenye maji. Viuvimbe vya juu vimeisha. Cha kidoleni kimenywea. Hakuna upasuaji. Kiungo cha juu bado kigumu, nakunja nusu. Mkasi nashika kwa dakika kumi, kisha napumzika. Tangi linaoshwa kwa glavu ndefu na anaosha tajiri mwenyewe. Wasalimie wote.


Tarehe 28 Agosti

Kwa mwanangu kitinda mimba, mwenye mkono wa kulia,

Baba yako hajambo, nilimwambia habari ya mlango, akasema kumbe ule wa kwanza ulikuwa mlango mzuri. Sasa anautafuta kwa aliyemuuzia. Bibi yako hajambo, nimemweleza yote ameelewa, akauliza kama huyo daktari ana mke. Kaka yako hajambo, mkewe hajambo. Pacha hawajambo, safari hii aliyemeza ni yule mwingine. Shangazi yako hajambo na jirani hajambo, hiyo ndiyo habari. Watoto wa paka wamegawiwa wote.

Barua yako fupi nimeisoma mara nyingi kuliko zote ndefu. Nimeipeleka sokoni, nikawaonyesha wenzangu herufi zilivyosimama, moja moja, kama watoto waliopangwa mstari. Wameuliza mbona zinatetemeka, nikawaambia nanyi mtetemeke basi. Glavu nimenunua, na nimewanunulisha wengine watatu kwa ukali. Wananiita Daktari. Wakichomwa na mwiba sasa wanaosha kwa sabuni papo hapo huku wakiniangalia kama nimeona.

Wiki iliyopita nilienda zahanati kwa ajili ya mgongo. Muuguzi akauliza kazi. Nikasema napara samaki, na nilisema kwa sauti, hata waliokuwa kwenye foleni nje waligeuka. Mmoja akauliza leo wapo wazuri?

Kidole changu hakitanyooka, nimeshakizoea, kinanishikia mkia wa samaki vizuri kuliko vyote. Chako ndicho ninachokitaka. Usiache dawa kwa sababu umepata nafuu, mnafiki yule huwa anajificha. Tajiri wako mwambie vipele haviwezi kupimwa kwa barua, aende kwa daktari na aseme anavyowalisha, hata kama kwenye foleni yuko mteja wake.

Nijibu upesi, usingoje Jumamosi, sasa huna kazi ya Jumamosi. Usiniandikie uko salama. Niandikie kinakunja kiasi gani. Kiweke juu ya karatasi, ukichore kwa kalamu kuzunguka kilivyo, kisha uniletee mchoro huo, nami nitaweka changu juu yake nione.

Mama yako, mpara samaki.